Rothenburg ob der Tauber kwa usiku mmoja: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wanaofika Rothenburg ob der Tauber huuona mji huu katika saa zake mbaya. Mabasi ya watalii huanza kushusha abiria mnamo saa nne asubuhi, uwanja wa soko unafurika, vichochoro havipitiki, na ikifika saa kumi na moja jioni wote wameshaondoka. Anayelala ndani ya kuta usiku mmoja hupata mji mwingine. Ndiyo maana mpango huu unakutaka ufike alasiri, ulale, utembee alfajiri, na uondoke adhuhuri wakati wengine wanaingia.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake ni takribani 11,000. Uko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, katika eneo la kihistoria la Franken, juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Tauber. Mwaka 1274 mfalme Rudolf wa Habsburg aliupa hadhi ya mji huru wa dola: ulimtii mfalme moja kwa moja, si mtawala yeyote wa jirani. Hadhi hiyo ilidumu hadi 1802. Kufikia mwaka 1400 hivi ulikuwa na watu karibu 6,000, na kwa wakati ule huo ulikuwa mji mkubwa. Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) viliufilisi, na ufukara huo ndio uliouhifadhi: hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani ajenge za kisasa.

Jambo moja ujue mapema, maana litabadilisha unavyotazama. Tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani ziliupiga mji mabomu na kuharibu karibu asilimia 40 ya mji mkongwe, hasa upande wa mashariki. Sehemu hiyo ilijengwa upya kwa umbo la zamani. Kwa hiyo nyumba unazopishana nazo ukitoka stesheni nyingi zina umri wa miaka themanini au pungufu, ingawa zinaonekana za kale. Kadiri unavyoelekea magharibi na kusini ndivyo unavyokutana na mawe na mbao za Zama za Kati zenyewe.

Hatua ya 1: Chagua majira, kisha tarehe

Aliyezoea jua la ikweta, linalochomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, huponzwa na jambo hili. Katikati ya Juni jua la Rothenburg huchomoza kama saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri na kuzama karibu saa tatu na nusu usiku. Katikati ya Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi na robo alasiri limeshazama. Ukipanga safari ya Desemba kwa hesabu za Juni, nusu ya mpango wako itaishia gizani. Kwa anayeswali, nyakati za sala nazo husogea. Weka kwenye simu programu inayozikokotoa kwa mji husika, usitegemee mazoea ya nyumbani.

Miezi iliyo rahisi ni Mei, Septemba na mwanzo wa Oktoba. Julai na Agosti kuna joto na watu wengi. Januari hadi katikati ya Machi mji ni mtulivu na vyumba hushuka bei, lakini baadhi ya migahawa hufunga kwa mapumziko na minara hufunguliwa kwa siku chache.

Kama unafuata mila na sherehe, kuna vipindi vitatu:

Pentekoste, siku 49 baada ya Pasaka (mwaka 2027 inaangukia Mei 16). Huchezwa igizo la Meistertrunk (kisa chake kiko katika Hatua ya 7) katika ukumbi wa jumba la halmashauri, wenyeji wakiwa wamevaa mavazi ya karne ya 17. Nje ya lango la Galgentor hupigwa kambi ya kijeshi ya kuigiza, Jumapili hupita gwaride, na wachungaji wa kondoo hucheza ngoma yao, Schäfertanz, katika uwanja wa soko.

Mwishoni mwa juma la kwanza la Septemba kuna Reichsstadt-Festtage, sikukuu za mji huru. Hapa hujumuishwa zama zote za historia ya mji, tangu mashujaa wa farasi hadi askari wa Vita vya Miaka Thelathini, pamoja na maandamano ya mienge na fataki.

Soko la Krismasi, Reiterlesmarkt, huanza Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio na kumalizika Desemba 23. Usije Jumamosi. Jumatatu hadi Jumatano soko ni lile lile, vibanda ni vile vile, na unaweza kukifikia kinywaji chako bila kusukumana.

Kwa vipindi hivi vitatu, weka chumba miezi sita kabla. Ukichelewa utajikuta unalala Ansbach au Würzburg, na faida yote ya asubuhi inapotea.

Hatua ya 2: Karatasi

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo kwa pasipoti ya huko anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla. Siku 15 hizo ni kiwango cha sheria tu. Wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika siku 45, na kupata miadi yenyewe huchukua muda wake. Anza miezi mitatu hadi minne kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, na hairudishwi ukinyimwa.

Mambo ambayo huwakwamisha wengi ni haya. Pasipoti lazima iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu lazima ifidie angalau euro 30,000 na itumike nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka; bima inayoanza siku moja baada ya ndege kutua inatosha kukukatalia. Taarifa ya benki iliyojazwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi haimshawishi ofisa yeyote.

Kama ndugu yako anayeishi Ujerumani ndiye atakayekugharamia, aende ofisi ya wageni ya mji wake akatie saini Verpflichtungserklärung, hati ya kubeba dhamana ya gharama zako. Ada ni euro 29, naye ataulizwa mapato yake. Hati halisi ndiyo inayotakiwa ubalozini, si picha yake ya simu, kwa hiyo hesabu muda wa kuituma.

Tangu Oktoba 2025 mpaka wa Schengen umeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri. Ukiwa na ndege au treni ya kuunganisha, acha nafasi ya saa mbili au zaidi hapo unapoingilia.

Hatua ya 3: Treni

Andika jina lote unapotafuta tiketi: Rothenburg ob der Tauber. Ujerumani ina Rotenburg an der Fulda, Rotenburg (Wümme), Rothenburg katika Oberlausitz na Rottenburg am Neckar, zote mbali na huku. Tiketi ya mji usio wako ikishakaguliwa ndani ya treni, ubishi hausaidii.

Njia ya kawaida kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt ni treni ya kasi ya ICE hadi Würzburg, mwendo wa saa moja na nusu hivi, halafu treni ya mkoa kuelekea kusini hadi Steinach, kisha treni ndogo ya kwenda na kurudi kati ya Steinach na Rothenburg inayochukua kama dakika 15. Kutoka Nürnberg unapita Ansbach, halafu Steinach. Kutoka München utapita Nürnberg au Treuchtlingen. Kila njia inaishia kupitia Steinach, na hapo ndipo penye mtego: dakika za kubadilisha ni chache, na treni ndogo huondoka takribani mara moja kwa saa. Treni ya kwanza ikichelewa, utakaa kwenye stesheni isiyo na mgahawa kwa muda wa kutosha kujuta. Nunua maji na chakula Würzburg au Ansbach. Na usitegemee treni ya mwisho ya usiku; lenga ile ya masaa mawili kabla yake.

Kuhusu tiketi, kuna njia mbili za kupunguza gharama. Bayern-Ticket ni ya siku moja, watu hadi watano kwa pamoja, na inatumika treni zote za mkoa ndani ya Bavaria. Jumatatu hadi Ijumaa inaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi; Jumamosi, Jumapili na sikukuu inafanya kazi siku nzima; mwisho wake ni saa tisa usiku wa kuamkia kesho. Majina ya abiria yaandikwe juu yake kabla ya kupanda. Haitumiki kwenye treni za masafa marefu, ICE wala IC, hata kwa kituo kimoja. Deutschland-Ticket ni ya mwezi, euro 63 tangu Januari 2026, nayo ni ya treni za mkoa na mabasi ya nchi nzima. Hiyo inafaa ukizunguka miji kadhaa, ila ni mkataba unaojirudia: usipousitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi, utalipia na mwezi unaofuata.

Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24. Zoea mapema kwamba 14:06 ni saa nane na dakika sita mchana, maana kosa la saa sita hapa ni kosa la siku nzima. Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi, saa moja majira ya joto.

Ukija kwa gari, usiliingize mjini. Kuna maegesho ya kulipia nje ya kuta yaliyoandikwa P1 hadi P5. Chagua lililo karibu na lango la hoteli yako, na ulizia hotelini kama wana ruhusa ya kushusha mizigo ndani.

Hatua ya 4: Kufika na kutua mizigo

Fika kati ya saa nane na saa tisa alasiri. Ukitoka stesheni geuka kushoto, halafu kulia kwenye barabara ya Ansbacher Straße, na baada ya dakika kama 10 utakuwa chini ya lango la Rödertor. Endelea moja kwa moja na mtaa wa Rödergasse, pita chini ya mnara wa Markusturm ambao ni wa ukuta wa kwanza wa mji, na dakika tano zaidi uko Marktplatz, uwanja wa soko.

Barabara zote za ndani zimesakafiwa kwa mawe. Sanduku la magurudumu madogo hupiga kelele kama gari bovu na magurudumu yenyewe hung'oka. Begi la mgongoni ni bora. Viatu viwe na soli nene ya mpira. Nyumba nyingi za wageni hazina lifti, na ngazi zake ni nyembamba na kali. Kama mna mzee au mtoto mdogo, ombeni chumba cha chini wakati wa kuweka nafasi, si mlangoni. Wa bajeti ndogo wana hosteli ya vijana katika mtaa wa Spital, ndani ya jengo la kinu cha zamani kilichozungushwa na farasi.

Beba euro 50 hadi 60 taslimu pamoja na sarafu. Kadi hupokelewa sehemu nyingi, lakini choo cha umma, mnara na matembezi ya usiku huweza kukudai keshi.

Hatua ya 5: Kanisa la Mtakatifu Yakobo, kabla halijafungwa

Anza na kanisa la St. Jakob kwa sababu lina saa za kufunga, na majira ya baridi hufunga mapema. Ujenzi wake ulianza 1311 na kumalizika 1484. Kiingilio ni kidogo.

Wageni wengi huingia, hutazama altare kubwa ya mbele, hupiga picha na kutoka, bila kujua kwamba walichokijia kiko ghorofani nyuma yao. Panda ngazi zilizo upande wa magharibi. Juu, katika sehemu ya kanisa iliyojengwa ikipita juu ya mtaa, kuna Altare ya Damu Takatifu iliyochongwa na Tilman Riemenschneider wa Würzburg kati ya 1499 na 1505. Ni mti mtupu usiopakwa rangi. Katikati ni Karamu ya Mwisho, na aliyesimama katikati ya karamu si Yesu bali Yuda, mfuko wa fedha mkononi. Sanamu ya Yuda inaweza kuondolewa. Ikitolewa, unamwona vizuri Yohana aliyejilaza kifuani kwa Yesu. Nyuma ya sanamu kuna vidirisha vidogo vya kioo vinavyopitisha mwanga, kwa hiyo nyuso hubadilika kadiri wingu linavyopita. Keti dakika ishirini. Usiitazame ukiwa umesimama na simu.

Ukishuka, ipe nafasi sasa ile altare ya mbele iliyochorwa na Friedrich Herlin mwaka 1466. Zunguka nyuma ya mbawa zake kama pako wazi: pale kuna picha ya Rothenburg yenyewe, uwanja wa soko ukionekana ulivyokuwa kabla ya moto wa 1501. Ni mandhari ya zamani kuliko zote zilizosalia za mji huu.

Hatua ya 6: Jioni, upande wa magharibi

Toka uwanja wa soko kwa mtaa mpana wa Herrngasse, uliokaliwa na matajiri wa mji, hadi lango la Burgtor. Tazama mambo mawili. Ndani ya mlango mkubwa kuna kimlango cha mtu mmoja: usiku lango likishafungwa, aliyechelewa aliingia mmoja mmoja akiwa ameinama, na adui hakuweza kupitisha jeshi. Juu ya lango kuna sura ya jiwe iliyoachama kinywa. Humo ndimo ilimomwagwa lami ya moto.

Nje ya lango ni bustani ya Burggarten. Hapa palikuwa na ngome ya mfalme Konrad III wa ukoo wa Staufer, iliyoanza 1142 na kubomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 1356. Kilichobaki ni kikanisa cha Mtakatifu Blasius. Bustani inatazama magharibi, jua linazama mbele yako juu ya bonde, na mji wa kusini umejipanga kushoto. Hii ndiyo sehemu ya kupiga picha ya jioni.

Karibu na kikanisa kuna jiwe la ukumbusho wa Wayahudi wa Rothenburg waliouawa mwaka 1298. Mabasi huwaacha watu wakipita bila kulisoma, na si haki. Rabi Meir ben Baruch, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa sheria ya Kiyahudi wa karne ya 13, alifundisha katika mji huu. Alifia kifungoni mwaka 1293. Mtaa wa Judengasse, kaskazini ya uwanja wa soko, bado una nyumba za Zama za Kati zilizokaliwa na Wayahudi, jambo adimu Ulaya. Walifukuzwa 1520. Waliorudi karne ya 19 walifukuzwa tena Oktoba 1938, wiki chache kabla ya usiku wa kuchomwa masinagogi nchi nzima.

Hatua ya 7: Mlinzi wa usiku

Takribani kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Desemba, mlinzi wa usiku mwenye joho jeusi, taa na mkuki wa shoka huongoza matembezi kutoka uwanja wa soko: kwa Kiingereza saa mbili usiku, kwa Kijerumani saa tatu na nusu. Ni kama saa moja, huhitaji kuweka nafasi, na unalipa mwishoni. Simama mbele, ukiwa nyuma ya watu mia hutasikia chochote. Juni na Julai ya saa mbili hufanyika jua lingalipo na ladha yote inapungua. Ukielewa Kijerumani hata kidogo, chagua ya pili.

Wakati unasubiri, tazama jengo lenye saa kubwa upande wa kaskazini wa uwanja. Kila saa kamili madirisha mawili hufunguka, sanamu moja inainua kikombe. Ni kisa cha mwaka 1631: jenerali Tilly aliuteka mji, na inasimuliwa kwamba aliahidi kuunusuru endapo mtu angekunywa lita 3 na robo za mvinyo kwa mkupuo mmoja, na mzee Nusch, aliyewahi kuwa meya, akaweza. Kutekwa kwa mji ni historia. Unywaji ni hadithi, iliyopata umaarufu baada ya igizo la 1881. Maonyesho ya sanamu hayamalizi dakika mbili, wala hayafai kusubiriwa nusu saa.

Hatua ya 8: Alfajiri, Plönlein na ukuta

Amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati wa kiangazi, au mara tu kunapokucha wakati wa baridi, uwe Plönlein, njia panda ndogo kusini ya uwanja wa soko: nyumba nyembamba ya mbao katikati, mnara wa Siebersturm kushoto, lango la Kobolzeller Tor likiteremka kulia. Picha zote za mji huu unazozijua zimepigwa hapa. Unapiga ukitazama kusini, kwa hiyo adhuhuri jua liko mbele ya kamera. Asubuhi linatoka kushoto na rangi za kuta hutulia. Baada ya saa tatu hutapata picha isiyo na mwavuli wa kiongozi wa watalii.

Pita chini ya Siebersturm, fuata Spitalgasse hadi mwisho, kwenye boma la Spitalbastei, lililojengwa kwa umbo la tarakimu 8 katika zama za mizinga. Hapo tafuta ngazi za kupanda ukutani na uelekee kaskazini. Ukuta uko wazi wakati wote, bila malipo. Njia ya juu imeezekwa, na sehemu inayotembeka ni kilomita 2 na nusu hivi. Kwa mwendo wa kutazama ni saa moja hadi moja na nusu. Penye lango utashuka na kupanda tena.

Yaangalie haya: njia ni nyembamba, watu wawili wanapishana kwa kubanana, boriti za paa ziko chini, mrefu atagonga kichwa, mawe ya sakafu hayalingani, na ngazi zikilowa mvua huteleza. Kigari cha mtoto hakipiti kabisa. Mwenye magoti mabovu atembee sehemu moja tu, ya Rödertor hadi Galgentor.

Upande wa mashariki utaona mawe yenye majina na idadi ya mita. Hao ni wachangiaji wa duniani kote, wakiwemo Wajapani wengi, waliolipia kipande kwa kipande ujenzi wa ukuta uliovunjwa 1945. Mabomu yangeweza kufuatiwa na mizinga mwezi uliofuata, lakini John J. McCloy, naibu waziri wa vita wa Marekani, aliujua mji huu kwa picha aliyokuwa nayo mama yake. Mizinga ikazuiwa na mji ukakabidhiwa kwa mazungumzo.

Shukia Klingentor, kaskazini. Pembeni yake ni kanisa la Mtakatifu Wolfgang, kanisa la wachungaji ambalo pia ni ngome: upande mmoja madhabahu, upande mwingine matundu ya kupigia risasi. Ile ngoma ya wachungaji asili yake ni hapa. Kisha rudi kwa Klingengasse, inayopita chini ya kanisa la Yakobo, na utakuwa umesimama chini kabisa ya altare ya Riemenschneider.

Hatua ya 9: Mnara na makumbusho

Mnara wa jumba la halmashauri una vipandio takribani 220. Uwe wa kwanza ukifunguliwa, kwa sababu ngazi ni za njia moja ya kupandia na kushukia, na mwisho wake ni ngazi ya mbao ya kusimama wima inayotokea kwenye tundu. Begi kubwa liache hotelini. Juu pana nafasi ya watu wachache tu.

Ukichagua makumbusho moja, chagua Mittelalterliches Kriminalmuseum, mtaa wa Burggasse. Tenga saa mbili. Wengi huenda kutazama vyombo vya mateso, lakini thamani yake iko kwenye sheria yenyewe: barakoa za aibu kwa wasengenyaji, kizimba cha kuwazamisha majini waokaji waliopunja uzito wa mkate, mihuri na hukumu zilizoandikwa. Lile sanduku la chuma lenye miiba linalopigwa picha sana, miiba yake iliongezwa baadaye sana, watu wa karne ya 19 walipopenda kutishana. Duka la mapambo ya Krismasi la Herrngasse liko wazi mwaka mzima. Linatosha dakika ishirini.

Hatua ya 10: Kula

Franken ni nchi ya nguruwe. Soseji za Bratwurst, bega la Schäufele, mchuzi wa kahawia, hata bakuli la viazi au maharage huweza kuwa na vipande vya Speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Anayejizuia aulize „ohne Schwein, ohne Speck?" kabla ya kuagiza. Salama zaidi ni samaki: Forelle na Zander, na Karpfen kuanzia Septemba hadi Aprili. Käsespätzle, tambi fupi za mayai na jibini, huliwa na wasiokula nyama. Mwisho wa Aprili hadi Juni 24 ni msimu wa Spargel, asparaga nyeupe.

Schneeball ndiyo andazi la mji: donge la unga, mayai, siagi na krimu, linakatwa vipande virefu, linafumwa kuwa tufe na kukaangwa ndani ya koleo la duara, kisha linanyunyizwa sukari. Mara nyingi kinyunya hutiwa pombe kidogo ya plamu, kwa hiyo uliza. Wanaolalamika kwamba ni kavu kwa kawaida wamenunua lile la chokoleti lililokaa dirishani siku nzima. Nunua la sukari ya unga au mdalasini, asubuhi, pale wanapokaanga wenyewe, na moja gawaneni wawili.

Maji ya mezani hulipiwa. Bakshishi ni asilimia 5 hadi 10, na unataja jumla unayotaka kulipa wakati mhudumu amesimama, huachi mezani. Chupa za plastiki na makopo zina dhamana ya senti 25. Zirudishe kwenye mashine ya supamaketi. Jumapili supamaketi hufungwa, hivyo nunua mahitaji Jumamosi.

Kama una saa mbili za ziada

Badala ya kuzunguka madukani saa tano asubuhi, teremka kwa Kobolzeller Tor hadi daraja lenye safu mbili za matao, Doppelbrücke, halafu fuata mto kuelekea kaskazini. Utapita Topplerschlösschen, kijumba-ngome kilichojengwa 1388 na meya Heinrich Toppler, aliyefia gerezani mwa mji wake mwenyewe mwaka 1408. Ukiendelea utafika kijiji cha Detwang, chenye kanisa dogo na altare nyingine ya Riemenschneider. Ililetwa kutoka mjini na ikapunguzwa pembeni ili itoshee. Kurudi ni kupanda kilima, dakika 30 za kutoa jasho, kwa hiyo angalia saa ya treni kabla hujateremka, si baada.